Kikombe Kina Hewa

Effie Geddes alibisha hodi na ndoo ya aiskrimu
imejaa rasiberi za uani kwake,
na kadi ya marehemu dada yake, Jessie,
aliyeolewa Nova Scotia mwaka wa theluji kubwa
akaanza huko kupika kwa vikombe.

"Vikombe vinne," kadi inasema. Basi.
Vikombe gani, Jessie? Vya chai? Vya kahawa?
Hapa Blairgowrie tunda la jemu haliingii kikombeni;
tunda hupanda mizani,
na sukari hupanda baada yake, sawa kwa sawa.

Effie ananitazama.
Mimi ndiye mtu wa hesabu, anaamini,
kwa kuwa nafanya kazi banda la kufungashia:
gramu mia na hamsini kila kikasha,
ikizidi natoa punje,
ikipungua narudisha ile ile,
kutwa nzima tunabishana, mimi na punje.

Hajui kwamba nilizaliwa upande wa Jessie.
Dukani kwa mama, Muheza, mizani ilikuwepo,
ilikuwa ya kumwonyesha mkaguzi.
Kazi ilifanywa na kibaba cha bati.
Mchele ulifutwa kwa kidole,
maharage yaliachiwa kilima,
na mteja aliyekuja na maneno
mama alimpimia polepole, bila kutikisa,
punje zikasimama mbali mbali
kama watu wasiosalimiana.
"Nimekujazia," alisema, na kweli kilijaa.
Ulimjazia hewa, mama.

Kikombe cha kupimia kilipatikana kwa Effie, bandani:
zawadi ya Krismasi kutoka kwa Jessie,
miaka thelathini kikiwapimia ndege mbegu.
Tulikiosha mara mbili.

Nikajaza. Mia na ishirini na tano.
Nikatikisa, nikaongeza: mia na arobaini.
Nikamwaga, nikajaza upya kwa mkono mwepesi:
mia na ishirini na mbili.
"Amua," akasema Effie.

Lakini tunda lenyewe halitaki kuamua.
Ukiichuma, rasiberi huacha moyo wake kwenye kikonyo,
inakuja na shimo,
kila moja kikombe kidogo
kilichobeba hewa yake ya asubuhi.

Tukashika ile ya kwanza. Nusu kilo, basi, vikombe vinne.
Nikageuza kadi, nikaandika nyuma kwa penseli,
nisije nikaulizwa tena mwakani:

*Kikombe cha rasiberi, mia na robo uweke,*
*Ya buluu ni hodari, mia na nusu ifike,*
*Ukiziponda, fikiri, ujazo huenda zake,*
*Uzito haughairi, hushika ahadi yake.*

Kisha tukaponda.
Vikombe vinne vikawa viwili, na povu kidogo.
Effie akachungulia sufuriani, akachungulia sakafuni.
"Viwili vingine viko wapi?"
Nikairudisha sufuria juu ya mizani,
nikatoa uzito wa bati:
nusu kilo, pungufu ya alicholamba yeye.

Na Jessie hakuandika
kama vile vinne ni kabla ya kuponda au baada.
Alijua mwenyewe. Nani huandika anachokijua mkono?
Effie akaketi na kadi mapajani, kimya,
mpaka sukari ilipoanza kuchemka kingoni.

Akataka nimsomee yale ya penseli.
"Kwa lugha yako," akasema, "kama yalivyo."
Nikasoma, nikikoroga.
Haelewi neno, ila kidole chake kinachonata
kikawa kinagonga meza: nane, kituo, nane.
"Kumbe umeyapima," akasema.

Sikumwambia
kwamba hilo nalo kwetu tunaliita mizani.